Uso Chini ya Wino Mweusi

Jeneza la Kasongo lilipofunguliwa pale kanisani Bellevue, Johannesburg, watu walipanga foleni kumtazama usoni. Mimi nilitazama mikono. Walikuwa wameilaza tumboni, mmoja juu ya mwingine, na rangi ya bluu ilikuwa bado imeganda pembeni mwa kucha, hata waliomwosha walishindwa kuitoa. Nikavikagua vidole kimoja kimoja kama mama anayemkagua mtoto mchanga. Vyote vilikuwapo, vyote vimenyooka. Mjane wake akadhani namwombea, akaniletea kiti. Sikuwa naomba. Nilikuwa nimerudi mwaka 2018, mwaka ambao mimi na marehemu tulikuwa na banda katika maonyesho makubwa ya vibonzo, na sikujua kama mikono ile ingefika nyumbani salama.

Mimi ni Hamisi, mtu wa Tanzania. Ukipita Yeoville, ukipita Newtown, ukaona bango limesimama wima, herufi hazijakunjamana, jua halijalichubua, ujue huenda nimelichapa mimi. Darasa la tano niliishia mlangoni, na leo wenye digrii wananiita bosi na kunisubiri kwenye benchi. Siringi, nasema yaliyopo. Vijana wanaponiuliza siri ya mafanikio huwaambia ni kujiamini. Hayo ni maneno ya dukani. Kwenye kitabu kama hiki mtu aseme kweli: kilichonifundisha kazi ni woga. Niliwahi kufukuzwa na polisi, niliwahi kuvunjiwa meza na watu wenye marungu, na sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa mwaka ule, ndani ya ukumbi wenye viyoyozi, katikati ya watoto waliovaa mabawa.

Tulikuwa tunakaa Bellevue, nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba kwa mbao. Chumba chetu mimi na Kasongo kilikuwa nusu ya ukumbi wa kulia chakula wa Wazungu wa zamani. Katikati ya dari palikuwa na ua kubwa la plasta, na ukuta wa mbao ulipita katikati yake, nusu ua letu, nusu la Mama Zawadi. Mama Zawadi alikuwa mama wa Bukavu, anapika sombe, kisamvu cha kwao, na bugali na kuwauzia walinzi, na kwa vile mbao zile zilikuwa nyembamba kama biskuti, tulikuwa tukiishi naye bila kuonana. Nikipiga chafya anasema, "Pole, Hamisi." Nikisema uongo kwenye simu anacheka. Harufu ya mafuta yake ya mawese ilikuwa imeingia hadi kwenye mto wangu, na mpaka leo nikiisikia mahali nalala usingizi mzuri.

Mwenye nyumba hakuna aliyemjua. Tuliyemjua ni Mzee Komeo. Wengine walisema ametoka Kigoma, wengine Uvira, mwenyewe alisema ametoka mbali. Alikuwa ameishika nyumba ile na nyingine kadhaa, na funguo za vyumba vyote alizining'iniza kwenye mnyororo wa baiskeli kiunoni, unamsikia kabla hujamwona. Hakuwa na kelele. Alitusalimia kwa adabu, "Hamjambo, wapangaji wangu," na jicho lake la kushoto lilikuwa na kope iliyolegea, kama dirisha lililoshushwa nusu. Sheria yake ilikuwa moja kubwa: hakuna anayebadilisha kitasa bila yeye. Nestor, fundi viatu wa Bujumbura aliyekaa chumba cha mbele, alibadilisha, kwa sababu alikuwa ameibiwa ngozi zake mara mbili. Komeo akaja asubuhi, akamsalimia, akamsifia kitasa kilivyo kizuri, akamwomba aweke mkono kwenye fremu aone kama mbao zimelingana. Kisha akaufunga mlango. Taratibu, Mama Zawadi alisema, kama mtu anayefunga kabati la vyombo. Baada ya ule ukelele wa Nestor Komeo alikwenda jikoni akaomba chai, akashukuru, akaondoka. Nestor alihamia Soweto kukaa kwenye kaunta ya spaza, kiduka cha mtaani, ya ndugu yake, maana vidole viwili havikuweza tena kushika sindano ya viatu.

Sasa Kasongo. Mtu wa Lubumbashi, mrefu, mpole, kazi yake kuchora vibao vya saluni: vichwa vya wanawake waliosuka, vichwa vya wanaume walionyolewa. Yeoville nzima ilikuwa imejaa vichwa vyake. Lakini alikuwa na desturi moja ya wachora vibao wa kwao: kila uso aliouchora ulikuwa wa mtu. Muuza nyanya akipita leo, kesho yupo juu ya saluni na nywele ambazo hajawahi kuwa nazo. Nikamwuliza siku moja kwa nini hatungi. Akanicheka. "Kaka Hamisi, sura haizuliwake. Sura inaazimwaka. Miye minachoraka mutu mwenye nimeona."

Wakati huo nilikuwa nauza kofia na vifuniko vya simu kwenye robot, taa za magari, ya barabara kubwa, na mteja mmoja kijana, redio ya gari ikiimba, akaniambia kuna maonyesho ya vibonzo yanakuja, ukumbi mkubwa kaskazini, njia ya kwenda Pretoria, watu maelfu. Wenzangu wangesikia na kusahau. Mimi nilirudi nyumbani nikamwambia Kasongo, "Wewe una mkono, mimi nina mdomo. Tunangoja nini?" Akachora kitabu miezi yote ya baridi, ameketi kwenye ndoo nyuma ya saluni. Hadithi yenyewe tuliitunga kwa sauti, na Mama Zawadi akachangia kupitia ukutani. Msusi wa Yeoville ambaye nywele anazosuka zinaweza kufungua mlango wowote, na adui yake, Bwana Kufuli, anayewafungia watu. Sura ya msusi ilikuwa ya Mama Zawadi, hilo tulilijua, na alifurahi sana akaanza kutupa vipande vikubwa vya samaki. Sura ya Bwana Kufuli sikuiuliza. Kwenye kurasa ilikuwa ndogo kama kifungo cha shati, kofia imeshushwa, na mimi nilikuwa nashughulika na wachapaji. Nani huangalia kifungo?

Siku ya kupanga mabanda nilijiona mfalme. Hamjawahi kuona ukumbi kabla haujafunguliwa: sakafu ya saruji, nyaya zimelala kama nyoka, mafundi wanapiga nyundo, na mwenye banda kila mmoja anajifanya hamwangalii jirani. Kushoto kwetu walikuwa madada wawili wanaouza masikio ya paka. Kulia, jamaa mmoja alikuwa amevaa chuma mwili mzima, maana maonyesho hayo watu huja wamevaa kama wahusika wa vibonzo, na anakula mkate wenye chipsi kwa kuupitisha chini ya kofia. Wafanyakazi wa ukumbi ndio waliokuwa na ngazi, na ndio waliopandisha bango letu, refu kuliko watu wawili. Lilikuja limekunjwa kutoka kwa mchapaji. Likafunguka kutoka juu kwenda chini: kofia, paji la uso, na kope ya kushoto iliyoshuka nusu kama dirisha.

Nikakaa kwenye boksi la vitabu.

"Kasongo," nikasema. "Huyo nani?"

"Bwana Kufuli."

"Nakuuliza, huyo nani?"

Akatazama juu, kisha akanitazama mimi, na nikaona uso wake unabadilika polepole. Nawaapieni, alikuwa hajui. Mkono wake ulikuwa umeazima bila kumwambia. "Mungu wangu," akasema. "Njo yeye. Njo yeye kabisa. Hata mnyororo niliweka."

Nikawakimbilia wale wa ngazi walishushe. Wakasema likishapanda halishuki mpaka maonyesho yaishe, ni sheria ya usalama, kaka, sharp, neno la huku la kumaliza mazungumzo. Basi mimi Hamisi, ambaye sijawahi kukosa jibu, nikapata jibu: atiwe barakoa. Kasongo akapanda juu ya meza na boksi juu ya meza, kwa rangi nyeusi akamvika Bwana Kufuli barakoa toka paji hadi kidevu, akaacha jicho la kulia tu. Halafu akashuka, akasema neno dogo lililoniua. "Na vitabu?"

Ndani ya kila kitabu uso ule ulikuwa karibu kila ukurasa. Na Mama Zawadi, kwa fahari yake, alikuwa ameshawatangazia wapangaji wote kwamba sura yake iko kwenye maonyesho. Komeo angesikia. Pengine alikuwa ameshasikia. Nikanunua koki, zile kalamu nene za wino mweusi ambazo huku hata mtoto wa chekechea anazijua, nikaingia nyuma ya pazia la banda.

Jumamosi watu walipomiminika, hiyo ndiyo kazi niliyofanya. Wenzangu waliona maonyesho, mimi niliona pazia. Nimekaa kwenye boksi, kitabu gotini, natia barakoa uso mmoja mmoja, harufu ya koki inanipanda kichwani, na kwa nje nasikia vigelegele, na sauti ya Kasongo anayejaribu Kiingereza. "Thank you, my sister. Beautiful, no?" Kila nilipomaliza vichache namsogezea chini ya pazia, anauza, anagonga sakafu kwa kiatu, anataka zaidi. Vijana waliipenda ile barakoa. Walifikiri ni ufundi, kila nakala imemalizwa kwa mkono. Wakauliza, "Ni nani huyo ndani?" Nami nyuma ya pazia jasho linanitoka, nikifikiri, usiulize, mdogo wangu, usiulize.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba ukumbi mzima ulikuwa umefunikwa nyuso. Kila mtu barakoa, kila mtu kofia, shoka la plastiki, rungu la sponji. Mimi rungu silitazami kama mchezo. Na Komeo angeweza kuwa ndani ya yeyote. Mchana nilichungulia nikaona mtu wa joho jeusi amesimama mbele ya bango letu, hasogei, hasemi, na kiunoni vyuma vinalia. Nikaingia chini ya meza. Ndiyo, mimi. Nikamshika Kasongo mguu, nikamnong'oneza, "Weka mikono mfukoni." Akaiweka. Tukakaa hivyo, yeye amesimama na mikono mfukoni kama mwizi, mimi nimekumbatia mguu wake, mpaka yule mtu akavua kofia akawa binti mwenye miwani, mwanafunzi, na vyuma vyake ni vijiko alivyojishonea. Akanunua vitabu viwili. Madada wa masikio ya paka walinicheka mpaka jioni, wakaniletea juisi.

Jumapili alikuja. Hakujificha, hakuvaa chochote ila suti yake ya kahawia na mnyororo wake, na mkononi amemshika binti yake, Lerato, wa miaka tisa hivi, kavaa joho jekundu lililoshonwa vizuri mno. Mama yake alikuwa mwenyeji wa hapa. Mtoto alisema Kiingereza na Kizulu, na sisi tulizoea kusema Kiswahili mbele yake kama vile mbele ya ukuta. Komeo alikuwa anatabasamu. Sikuwa nimewahi kuona tabasamu lile. Alikuwa amekuja kujivuna.

"Wapangaji wangu!" akasema, akageuka kuwatazama watu waliopita ili nao wasikie. "Nyumba yangu imetoa wasanii. Lerato, wasalimie maanko zako."

Kasongo akampa mtoto kitabu, akamwandikia jina lake ndani na kumchorea kichwa kidogo cha msusi. Mimi nilikuwa nautazama mkono wake ukitembea juu ya karatasi, na nikautazama mkono wa Komeo uliokuwa umelala pembeni mwa meza, karibu, karibu sana. Lerato akafungua kitabu hapo hapo. Alikuwa msomaji, si mtazamaji, alikaza macho. Kisha akafanya jambo ambalo maelfu ya watu hawakulifanya: akauinua ukurasa juu, kwenye taa kali za ukumbi.

"Papa," akasema kwa Kiingereza, "kuna mtu chini ya wino."

Komeo akakipokea kitabu akakiinua vilevile. Taa ikapita kwenye karatasi, wino wangu ukawa kama moshi, na chini yake akajiona. Akafungua ukurasa mwingine, akauinua. Na mwingine. Funguo zikalia kiunoni. Akatazama bango, akatazama barakoa, na tabasamu likaondoka kama mtu aliyeitwa ndani. Akakishusha kitabu, akasema kwa Kiswahili, sauti ya chini, ya adabu, "Aliyenichora namjua. Aliyenifunika ni nani?"

Kasongo akafungua mdomo. Nilijua angesema ni yeye, na mkono wake bado ulikuwa juu ya meza. Nikasema, "Mimi, Mzee."

"Kwa nini?"

Mimi nimeuza miavuli wakati wa ukame. Nimemshawishi askari aninunulie chakula. Nilikuwa na majibu mia: ni mtindo, ni heshima, mchapaji alikosea. Nikayatafuta nikakuta mdomo mtupu, limebaki moja tu, nalo likatoka lenyewe.

"Nilikuogopa."

Mtoto akainua kichwa. Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa akielewa Kiswahili siku zote, kila neno, kila tulichosema korido ile. Akamtazama baba yake, akauliza kwa Kiingereza, bila hasira, kama anauliza njia, "Kwa nini anko anakuogopa?"

Komeo akamvuta mtoto mkono. "Twende," akasema. Lerato hakusogea. Akauliza tena, "Ulimfanya nini?" Nami nikamwona Komeo akitafuta majibu yake mia na kukuta mdomo mtupu, kama mimi. Akamshika mtoto bega, akakichukua kitabu, wakapotea katikati ya mabawa na mashoka.

Watu watasema nilikuwa shujaa siku ile. Na mimi pia husema, nikiwa na wageni. Lakini mkumbuke ilibidi turudi nyumbani, na funguo za nyumbani anazo yeye. Hatukuwa na pengine pa kwenda. Vyombo vya Kasongo, mashine yangu ndogo ya kubandika picha kwenye kofia, vyote vilikuwa chumbani. Tulifika jua bado lipo. Mama Zawadi alikuwa ameshasikia, sijui kwa nani, akatuwekea sombe na samaki bila kutia neno, na hilo lilitutisha zaidi. Tukala tumetazama mlango. Nikaanza, "Tunaweza kuweka kitanda nyuma yake..." Kasongo akanawa mikono, akaikausha, akachukua bisibisi na kuanza kufungua bawaba.

"Unafanya nini?"

"Minatosha mulango," akasema. "Nestor alifungiwa na mulango. Kama mulango haiko, atafunga nini?"

Johannesburg, ndugu zangu, mji ambao watu huweka komeo juu ya komeo. Tukautoa mlango, tukaulaza ukutani, tukatundika shuka. Nyumba nzima ikaja kutazama. Mlinzi wa chumba cha mwisho akasema Watanzania na Wakongo wakikaa pamoja akili huisha. Mama Zawadi akacheka kwanza, kisha akaacha kucheka, akasema kupitia mbao, "Nipatieni na miye ile bisibisi."

Jumatatu asubuhi nikasikia mnyororo kwenye korido. Ukapita mlango wa mbele, ukapita jikoni, ukasimama nje ya shuka letu. Kasongo alikuwa amekaa kitandani, mikono ameikalia. Shuka likavutwa pembeni. Komeo akasimama pale ambapo mlango ulipaswa kuwa, akatazama bawaba tupu, akageuza kichwa akaona kwa Mama Zawadi pia ni shuka.

"Mlango uko wapi?"

Akaweka mkono wake kwenye fremu, mahali palepale alipomwambia Nestor auweke wake. Akauacha hapo, akautazama kama wa mtu mwingine. Ndipo alipoelewa kwa nini milango imetolewa, niliona anavyoelewa.

"Mtoto hasemi na mimi," akasema, si kwetu hasa. "Tangu jana." Akautoa mkono kwenye fremu. "Rudisheni milango. Huku kuna baridi."

Akaondoka. Hatukuirudisha. Mkidhani woga uliisha hapo, hamjui woga. Mtu akikupiga, unajua amekupiga. Asipokupiga, unamngoja. Tulimngoja mwaka ule wote uliobaki, tukilala kwa zamu nyuma ya shuka, na katika kungoja huko nilifanya kazi kama mwendawazimu ili tuondoke: oda za mabango kutoka kwa wale vijana wa maonyesho, madada wa masikio ya paka, binti wa vijiko. Biashara yangu yote ilianzia kwenye benchi moja chumbani mle, nimeupa ukuta mgongo, natazama shuka. Tulipohama Komeo hakuja kutuaga. Kasongo aliendelea kuchora miaka yake yote, na Bwana Kufuli hakumchora tena.

Nimeyawaza hayo mbele ya jeneza, na nilipoinuka nikakuta msichana mrefu amesimama nyuma ya kiti changu, gauni jeusi, kitabu mkononi. Nilikijua kitabu kabla ya kumjua yeye, Lerato. Akakifungua. Koki haidumu; miaka imeifanya ya zambarau, nyepesi kama chai, na haikuhitajika taa tena. Uso wa Komeo ulikuwa wazi kila ukurasa.

"Anko Hamisi," akasema, kwa Kiswahili, cha kuchechemea lakini Kiswahili. "Nilimuuliza Papa kila mwaka. Mwaka huu amenijibu. Ameniambia ya fundi viatu." Akakifunga kitabu. "Yuko nje. Anauliza kama anaweza kuingia."

Mimi nina wafanyakazi, nina gari mbili, na mikono yangu ilikwenda yenyewe mfukoni. Nikaitoa. Nikatazama mlango wa kanisa. Ulikuwa umeshikizwa kwa tofali usijifunge na upepo.

"Mwambie mlango uko wazi," nikasema.

Akaingia amezeeka, bila mnyororo, anatembea kimya, nikagundua sijawahi kumwona akitembea kimya. Watu wa Bellevue wa zamani wakampisha, wengine wakarudi nyuma. Akafika kwenye jeneza, akainama. Hakumtazama Kasongo usoni. Alitazama mikono, kidole kimoja kimoja.